Gari la Kila Siku kwa Mákos

Mwaka ule basi la kijiji liliacha kuja. Hakuna aliyetuaga. Ushirika wa mashamba ulikuwa umekufa, na kila kilichokuwa chake kikafa nao: ng'ombe wa maziwa, pampu nilizokuwa nikizitengeneza mimi, basi. Mama yangu, Rozál, alikuwa na kidonda mguuni ambacho ni lazima kisafishwe zahanati kila Alhamisi, la sivyo mguu unakatwa. Daktari alitamka hivyo bila kupepesa macho. Alhamisi mbili nilimsukuma mama kwa toroli, kilomita saba, yeye akijifunika uso kwa shali ili watu wasimwone. Nilikuwa na farasi mdogo, Mákos, jike la kijivu lenye madoa, mgongo wake haufiki kifuani pangu. Gari la kumfungia alikokote sikuwa nalo.

Jumanne asubuhi nikamwongoza Mákos hadi kijiji jirani kwa Ambrus, fundi wa magari ya farasi. Ambrus si mtu wa kwetu, alihamia huku miaka ya sabini.

"Ooh, Vendel Kengele!" aliniita kwa jina wanaloniita watu kwa sababu sinyamazi. "Leo umekuja kununua, au kuniandika gazetini?"

"Nikikuandika utajulikana, Ambrus. Sasa hivi anakujua mbuzi wako tu."

Alikuwa na magari matatu uani. La kwanza nililikataa kwa macho: miti yake ya kukokotea ilipita juu ya masikio ya Mákos. "Hili mfungie ngamia," nikamwambia. La pili lilikuwa la matairi ya mpira, bapa, la chini. Ambrus alikaa juu yake, akashuka, akakaa tena.

"Mama yako atapanda hapa kama anaingia kitandani. Miti inamkaa farasi begani sawasawa. Uzito hauko mbele wala nyuma. Ndugu yangu, kwa kazi ya kila siku hupati zaidi ya hili."

Alisema kweli, na mimi nilijua anasema kweli. Lakini kwetu gari lisilo na sauti ni gari la mwizi. Wahunzi wa zamani walikuwa wakiacha nafasi kidogo kwenye ekseli, gurudumu licheze likienda, kitovu chake kigonge pete ya chuma iliyo mwishoni. Pete ile waliichoma na kuipoza mpaka ilie wanavyotaka. Hapakuwa na magari mawili yenye mlio mmoja. Mwanamke alimsikia mumewe akiingia mwanzo wa kijiji, akapakua supu, na mume alipofika langoni supu ilikuwa mezani.

"Na lile?" nikauliza.

La tatu lilikuwa nyuma ya rundo la mbao, la magurudumu ya chuma.

"Lile mbao zote mpya, nimelipunguza urefu mwenyewe. Vitovu na ekseli tu ndivyo vya zamani, niliviokota kwenye vyuma chakavu vya ushirika. Lakini sikushauri. Wazee watatu wa kijijini kwenu wamekuja kulitazama. Nalisukuma hatua mbili, wanageuka wanaondoka. Hata bei hawaulizi."

"Kwa nini?"

"Mimi nitajuaje? Ninyi watu wa kule hamsemi."

Tulimfunga Mákos. Akapiga hatua, na gari likalia: *tin, tin*, kisha gurudumu la nyuma kushoto likachelewa, kama mtu anayesita mlangoni, ndipo likasema *to*.

Nilishika ukuta.

Lilikuwa gari la baba yangu, Dénes. Nilikuwa na miaka tisa watu wa serikali walipomchukua shambani, Juni ya mwaka hamsini na moja, kwa kosa la kuwa na shamba. Mimi nilikuwa mjini kwa shangazi, nikabaki huko miaka mitano, na niliporudi hapakuwa na baba, farasi wala gari. Palikuwa na karatasi ya halmashauri inayosema kwamba Dénes aliacha mali yake kwa hiari. Karatasi hiyo ninayo. Nilijifundisha sheria kwa sababu yake. Nimeandika wizarani, nimeandika magazetini, nimesimama kwenye kila mkutano wa kijiji nikiwauliza wenzangu usoni ni nani kati yao aliyepiga muhuri, nao wakatazama viatu vyao. Wananiambia yaliyopita si ndwele. Kwao, labda. Mama yangu amelala peke yake miaka arobaini na miwili.

Na sasa chuma hiki kilikuwa kinasema mbele yangu, kwa sauti ileile niliyokuwa nikiingoja jioni nimekaa juu ya lango.

"Nalichukua," nikasema.

"Na mguu wa mama? Hili linarusha, Vendel. Ngazi iko juu."

"Nimesema nalichukua."

Niliingia kijijini saa sita mchana, kengele ya kanisa ikilia, jua limesimama juu ya miforosadi. Saa hiyo wazee huwa wamekaa kwenye mabenchi nje ya malango yao wakimenya maharage na kusengenyana. Kengele ikanyamaza, ikabaki sauti ya gari langu peke yake.

Benchi la kwanza likawa tupu. Sikuona mtu akinyanyuka. Bakuli la maharage lilikuwepo, na kisu kikitikisika bado juu ya ubao. Kwenye nyumba ya pili dirisha likashushwa kibao chake taratibu, mchana kweupe. Ya tatu nayo. Mbwa wa njia ile, wanaonibwekea mimi tangu walipozaliwa, walilala chini tumbo ardhini. Mzee Gergely hakuweza kuondoka upesi, kwa sababu ya magongo yake. Alikaa wima, akaweka mikono juu ya magoti, viganja juu, akatazama chini. Nilipompita hakuinua kichwa. Nilipogeuka nyuma nikamwona anajifanyia ishara ya msalaba.

Nitasema kweli: nilifurahi. Niliona ni aibu ile. Nilidhani hatimaye imewafikia, inawakimbiza ndani ya nyumba zao kama panya. Nikavuta hatamu ili Mákos apunguze mwendo.

"Msikilizeni!" nikapaza sauti barabarani. "Dénes huyo anapita! Msikilizeni vizuri!"

Jirani yetu Piroska alikuwa langoni kwake, amekumbatia bata bukini. Aliponiona mkono wake ukalegea, ndege akaanguka.

"Si hapa," alisema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Hapa hakuna mtu."

Lango letu lilikuwa wazi. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia mama: njoo usikie nani karudi. Lakini mama alikuwa ameshatoka. Alisimama katikati ya njia, kwenye joto lile la Juni, amevaa koti la majira ya baridi limefungwa vifungo vyote, kitambaa cheusi kichwani, kifurushi mkononi. Mkate ulichomoza kwenye kifurushi. Damu ya kidonda ilikuwa imeloanisha soksi, naye hakuitazama.

"Niko tayari, bwana," akaniambia.

"Mama! Ni mimi. Vendel."

"Huyo hayupo, bwana. Mume wangu mmeshamchukua. Mtoto nilikuwa naye mmoja, akafa kwa homa."

"Mama, nitazame."

Alinitazama. Macho yake hayakuwa ya mtu aliyerukwa na akili. Yalikuwa macho makavu ya mwanamke anayedanganya na anayejua kila neno lina uzito gani. Kila nilivyozidi kulitaja jina langu, ndivyo alivyozidi kupauka.

"Amekufa," alirudia. "Kamuulizeni padri. Nichukueni mimi, twendeni."

Nikamuuliza polepole, "Nani alikuwa akija na gari hili?"

"Ninyi, bwana."

Maneno yote niliyoyapigia kelele maisha yangu yote hayakunifaa kitu pale. Nilitafuta neno ambalo mmoja wa watu hao angeweza kulisema akaondoka, nikalipata.

"Tumekosea nyumba, mama."

Aliinamisha kichwa. "Mungu awalipe," akasema, akafunga lango. Nilisikia komeo likisukumwa.

Piroska alikuwa ameegemea ua wake. "Liondoe," alininong'oneza. "Kwa jina la Mungu, Vendel, liondoe."

"Mbona hamkuniambia?"

"Baada ya kumchukua baba yako walilitumia kukamatia watu, miaka miwili. Alfajiri. Tulilala tumevaa nguo, tukihesabu malango kwa sauti yake. Likipita lako, ulimshukuru Mungu, kisha ukaona haya, kwa sababu lilikuwa linaenda kwa mwingine. Mama yako walimjia mara nne wakikuulizia wewe, wakupeleke kwenye kituo chao cha watoto wa maadui."

"Miaka yote hii! Mimi nimekuwa nikiuliza..."

"Hukuuliza, mwanangu. Ulikuwa unatuambia. Kila mkutano unatuambia sisi yaliyotupata sisi."

Nililipeleka gari hadi mwisho wa kijiji, nikamfungua Mákos, nikarudi naye kwa miguu. Mama alifungua mara tu aliposikia kwato peke yake. Koti alikuwa amelivua. Akanikalisha mezani, akanipakulia supu, akaniinamia sikioni.

"Walikuja. Nimewaambia umekufa. Kula upesi."

Nikala. Mkono wake ulikuwa begani mwangu muda wote, na ulikuwa wa baridi kama jiwe la kisima.

Jumatano nilimwendea Ambrus anibadilishie gari, akaniambia la mpira limeshanunuliwa. Basi nikarudi mwisho wa kijiji na jeki, grisi na mkanda wangu wa ngozi wa kiunoni. Nikakata ngozi pete nne, nikavua magurudumu moja moja, nikavisha kila ncha ya ekseli pete yake, nikashindilia grisi mpaka ikafurika. La nyuma kushoto nililiacha mwisho. Nilikaa nimelishika mapajani muda mrefu. Mimi, niliyeapa kwamba hakuna atakayemnyamazisha Dénes tena, nilimnyamazisha kwa mkono wangu, kwa mkanda wangu. Nilipolisukuma, halikulia. Ni nyasi tu zilizolala chini ya chuma.

Alhamisi nilileta langoni gari lililo kimya, nimetundika chini yake ngazi ya tatu niliyoipigilia kwa mbao za sanduku. Mama alilizunguka. Alipitisha kiganja juu ya mbao mpya, akainama, akatazama vitovu, akakaa ameinama hivyo hata nikadhani mguu umemshinda. Kisha akapanda, akakaa kando yangu, akaweka shali vizuri.

"Vipi, mama?"

"Zuri," akasema. "Halina neno."