Nani Atamsahihisha Mutale?

Kwa miaka miwili binti yetu alipata kumi kwa kumi katika kila kazi ya Kifaransa, na kwa miaka miwili hakuweza kuandika sentensi moja ya mtu wa kawaida. Kosa si lake. Kosa ni la mume wangu Alphonse, ambaye ni mwalimu wake na, kwa hesabu za ukoo wao, ni mwanawe pia.

Ngoja nieleze, nisije nikadhaniwa nimelewa. Binti yetu ni Abigaïl Mutale. Abigaïl ni jina la ubatizo. Mutale ni jina la mama yake Alphonse, ambaye yu hai, analima mahindi kule Kasungami, na ana nguvu kuliko sisi sote. Kwao mtoto akipewa jina la mtu, amekuwa mtu huyo. Kwa hiyo Alphonse humwita binti yake "mama", hamtumi dukani bila kumbembeleza, na siku mtoto alipoangusha redio, yeye aliokota vipande kimya kimya. Mimi sikunyamaza. Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Kamalondo, na mtu akivunja redio yangu anajulishwa.

Abigaïl ana ugonjwa wa damu, selimundu, ule ambao hapa kwetu unaitwa SS. Alipokuwa na miaka minane maumivu yalimlaza wiki baada ya wiki, na shule ikatuambia kwa upole tumweke nyumbani mpaka apate nafuu. Tukagawana masomo. Mimi nilichukua hesabu, kwa sababu nina utepe wa kupimia na mkasi, na mtoto hesabu alizishika vizuri. Alphonse alichukua Kifaransa, kwa sababu ana diploma na ana mashine ya fotokopi.

Mashine hiyo ndiyo iliyokuwa mtaala. Alphonse ana kibanda kando ya barabara huko Naviundu, anapiga nakala na kuandika barua za watu. Karatasi iliyotoka vibaya, yenye weusi pembeni, haikutupwa. Ililetwa nyumbani kuwa somo la lugha. Binti yangu alisoma hati za mauziano ya viwanja, matangazo ya vifo, barua za kuomba kazi, na kurasa sita kutoka katikati ya tasnifu ya mtu kuhusu shaba. Alinakili, baba akaandika chini yake "10/10, très bien, mama", tukala, tukalala.

Mwezi wa saba daktari alisema dawa zinamfaa na anaweza kurudi shule. Masista wenye shule ya mtaani kwetu wakakubali kumpima Kifaransa mwishoni mwa Agosti. Akifaulu, angeingia darasa la tano pamoja na Plamedie, rafiki yake wa nyumba ya pili. Akishindwa, angerudi la tatu, akae na watoto wa miaka minane. Abigaïl alisikiliza mpaka mwisho.

"Kama ni ya tatu," alisema, "miye nitabakia tu ku kitanda."

Hakulia wala hakununa. Kitanda anakijua vizuri kuliko mtu yeyote ndani ya nyumba hii, na aliposema vile niliogopa.

Ndipo nikamwambia aniandikie kwa Kifaransa alichokula mchana. Aliinama dakika ishirini, akaniletea hii: *Je soussignée Mutale Abigaïl déclare sur l'honneur avoir mangé le bukari et les bitoyo. En foi de quoi la présente est délivrée pour servir et valoir ce que de droit.* Mimi niliacha shule darasa la nne, lakini nimetia saini karatasi za kutosha maishani kuelewa. Mtoto alikuwa ameapa mbele ya serikali kwamba amekula ugali na samaki mkavu. Nikamwomba aongeze kama chakula kilikuwa kitamu. Hakuweza. Hakuna fotokopi iliyowahi kumwambia habari za utamu.

Alphonse aliporudi niliweka karatasi hiyo kando ya sahani yake. Akaisoma, akaitikia kwa kichwa.

"Haina kosa," alisema.

"Papa Abi, ule ni mutoto, haiko avocat wa korti. Nionyeshe kazi moja yenye ulimupatia tisa."

Alisukuma sahani pembeni.

"Laurentine, unataka nipigie mama yangu zéro?"

Methali inasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Haisemi lolote kuhusu anayemfunza mamaye. Nilimwangalia mume wangu, mwanamume mpole ambaye hata kuku hamfukuzi jikoni bila kumpisha kwanza, nikaona kwamba hasira yangu haitafika popote.

Nikaenda kwa Christiane, anayeuza vitabu vilivyotumika kutoka Ulaya. Alinichagulia kitabu kizuri cha masomo ya Kifaransa, chenye rangi kila ukurasa, na kwenye jalada mtoto mwenye kofia ya sufu akicheka. Abigaïl alisoma somo la kwanza mbio, kama mtu anayewahi mvua. Nikamuuliza lilikuwa linahusu nini. Akasema, "neige". Nikamuuliza neige ni nini. Alifikiri, akasema ni aina ya sabuni. Picha zilikuwa zimejaa weupe wa theluji, kwa hiyo sikumlaumu.

Kitabu kilikuwepo, basi, lakini hakukuwa na wa kusahihisha. Kifaransa changu ni cha sokoni, kinajua bei na matusi. Anayejua alikuwa amefungwa mikono na jina la mamaye. Zilibaki wiki tano. Jumamosi nikavaa kitenge kizuri, nikaenda Kasungami kumwomba mama mkwe ampe mwanawe ruhusa ya kumkosoa.

Nilimkuta shambani. Nilisimama kwa mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe, nikaeleza yote. Yeye alisikiliza huku ameegemea mpini wa jembe.

"Alphonse hawezi," alisema. "Hata nikimupa ruhusa, mukono yake itakatala."

"Sasa tutafanya je, mama?"

"Muntu anaweza kujigombeza yeye mwenyewe. Nitakuya."

"Mama, lakini haujue kusoma."

Maneno yalitoka kabla sijayafungia mlango. Mkwe hasemi hivyo. Yeye hakukasirika.

"Njo vile, sijue kusoma," alisema. "Lakini najijua."

Jumatatu alifika na mfuko wa matembele, akachukua kitanda chetu, akatuachia mkeka. Asubuhi iliyofuata alikaa mlangoni akichambua maharage, akamwambia mtoto asome. Abigaïl akafungua kitabu cha Christiane, akasoma mbio ukurasa wa theluji, kisha akaeleza kwa Kiswahili habari ndefu ya mtoto anayefua nguo. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Nilisubiri.

"Bongo," alisema bibi, bila kuinua macho. Uongo.

"Umejua je, kaku?" Abigaïl aliuliza. Kaku ni bibi.

"Miye nikisema bongo, nakimbiaka. Na weye unakimbia. Ile kitabu weka pembeni, inasema bintu byenye sijaona, siwezi kujua kama ni kweli. Leta ingine."

Wakapitia rundo lote la fotokopi. Hati ya kiwanja: bibi hakijui kiwanja hicho. Tangazo la kifo: bibi hamjui marehemu, Mungu amrehemu. Tasnifu ya shaba aliisikiliza hadi mstari wa pili, akasema huyo mwandishi naye anakimbia. Karibu na chini ya rundo kulikuwa na karatasi mbili za chama fulani cha wakulima, zinazofundisha kupanda mahindi. Abigaïl alisoma, akaeleza: kati ya shimo na shimo, acheni mètres thelathini.

Bibi aliacha maharage.

"Mètres makumi tatu? Muhindi moja apa, ingine kwa jirani? Angaria tena."

Abigaïl aliangalia tena. Kwa mara ya kwanza nilimwona binti yangu akitazama neno badala ya kulipita. Alilifuata kwa kidole, herufi kwa herufi.

"Centimètres," alisema.

"Njo vile. Endelea."

Hivyo ndivyo masomo ya lugha yalivyochaguliwa nyumbani kwetu. Kilichokubaliwa ni kile tu ambacho bibi angeweza kukihakiki kwa mikono yake. Karatasi za mahindi zilisomwa wiki nzima, mpaka mbolea, mpaka panya, na mtoto alipobahatisha alirudishwa mwanzo wa mstari. Akigombezwa hakununa. Angemnunia nani, na anayemgombeza ni yeye mwenyewe?

Wiki ya pili bibi akamgeuzia kibao. Sasa mtoto ataandika kwa Kifaransa namna ya kufanya kitu, kisha atasoma alichoandika, ataeleza kilichomo na si zaidi, na bibi atafanya hivyo hivyo. Mimi na Kifaransa changu cha sokoni tukawekwa kuwa shahidi. Abigaïl akachagua bukari. Aliandika asubuhi nzima, akafuta, akaandika. Kisha akasoma: chukua sufuria, weka juu ya makaa, weka unga, koroga kwa nguvu.

Bibi alichukua sufuria, akaweka juu ya makaa, akaweka unga, akakoroga kwa nguvu. Nilifungua mdomo, akanitazama, nikaufunga. Moshi ulianza pembeni. Abigaïl alikuwa amesimama na daftari, macho yakienda kwenye sufuria na kurudi kwenye ukurasa.

"Kaku, mayi." Maji.

"Iko mu karatasi?"

"Hapana."

"Basi."

Ile ilikuwa sufuria yangu ya harusi. Nilikasirika, na ninakiri kwamba bado nimekasirika. Lakini mtoto alikaa chini palepale penye moshi, akaandika, akasoma kwa sauti: kabla ya yote, maji. Alphonse alirudi akakuta chakula cha jioni ni mkate. Alisikia habari yote, akaomba kuona daftari, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kalamu ya mfukoni, ile ya kumi kwa kumi. Bibi akafunika ukurasa kwa kiganja.

"Acha," alimwambia. "Haiyaiva."

Siku ya mtihani Alphonse alivaa suti. Tulikaa kwenye benchi la koridoni saa nzima, yeye akijifuta jasho, mimi nikihesabu vigae. Ndani Abigaïl alikuwa anasoma kwa sauti. Tulimsikia akienda polepole, akisimama, akirudi nyuma, akiendelea. Kisha kimya, maana yake anaandika. Hatimaye Sista Kasonde, mkuu wa shule, akatuita, akaweka karatasi mezani. Mtoto aliambiwa aeleze siku moja ya nyumbani. Alikuwa ameandika ukurasa mzima kuhusu sufuria, na mwishoni akaandika kwamba mkate ule ulikuwa mtamu. Karatasi nzima ilikuwa imejaa wino mwekundu. Juu, kwenye pembe: 12/20. Kufaulu ni kumi.

Mimi nilianza kulia. Alphonse hakuona kumi na mbili. Aliona rangi.

"Ma sœur," alisema, "muliandika byekundu ku mama yangu."

Nilidhani kila kitu kimeharibika. Sista Kasonde alimtazama, kisha akamtazama Abigaïl. Naye ni mtu wa hapa. Jina lake mwenyewe lilikuwa la mtu mwingine kabla yake.

"Papa," alisema, "mama yenu aliingia mu cinquième." Darasa la tano.

Alphonse akakaa chini. Akamshukuru kwa Kifaransa kirefu sana.

Sista alituruhusu tuchukue karatasi tukaionyeshe nyumbani, irudi Jumatatu kwa ajili ya faili. Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaishika ikiwa imepinduka. Abigaïl akaigeuza.

"Bile byekundu ni nini?"

"Ni makosa, kaku."

"Ngapi?"

"Kumi na saba."

Bibi alipitisha kidole juu yake, moja baada ya jingine, akihesabu kwa sauti mpaka kumi na saba.

"Baba yetu alituma bandugu zangu ku masomo kwa bamisionere," alisema. "Miye alinipa jembe. Bale banarudia na makaratasi yenye byekundu, banalia. Miye nilikuwa nababonea wivu. Hakuna muntu hata moja alioneshaka miye kosa yangu ku karatasi."

Akaikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake pamoja na kadi ya kura. Tukamweleza habari ya Jumatatu. Tukamweleza habari ya faili. Alisema masista wana karatasi nyingi. Mwishowe Alphonse aliomba kuiazima kwa nusu saa, akaenda Naviundu, akapiga nakala, akarudi. Kwenye nakala makosa yote kumi na saba yalikuwa meusi kama maneno mengine. Bibi alizilinganisha, akawaachia masista ile nyeusi, akarudi Kasungami na yake.

Jumapili Alphonse akamsomea Abigaïl imla mezani. Mtoto alipomaliza, baba alichukua daftari, na nikaona ana kalamu nyekundu, mpya, bado na bei yake. Alikaa nalo mpaka chai ikapoa mara mbili. Alipoliacha nilienda kuchungulia. Alikuwa ameandika 6/10, na chini yake, kwa herufi ndogo: *Pardon, mama.*

Abigaïl alivuta daftari, akasoma alama, akasoma maneno.

"Haina mambo, mwana," alimwambia, akampigapiga mkono. Kisha akamuuliza kosa la tatu lilikuwa la nini.