Mama Mkwe Mlangoni

Dawa za saratani ya damu zilikuwa zimemmaliza kinga mwanangu. Daktari alituambia waziwazi: kwake mafua si mafua, homa ikipanda tu mkimbizeni hospitali. Basi nikawa askari. Ndoo ya maji na sabuni nikaweka mlangoni, na anayekohoa hapiti, hata awe nani.

Huyo "awe nani" akaja Jumamosi. Mama mkwe wangu, begi mkononi, amesafiri kutwa nzima kumwona mjukuu wake. Akafungua mikono, akakohoa.

"Vumbi la safari hilo," akasema.

Akakohoa tena, kikohozi kizito. Vumbi gani hilo lenye makamasi? Nikamtazama mume wangu. Akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala! Jamani, wanaume. Nikajua mzigo ni wangu. Nikasimama katikati ya mlango.

"Shikamoo mama. Nisamehe, lakini humu ndani huingii."

"Mimi? Nyumbani kwa mwanangu?"

"Ukimwambukiza, mama, anaweza kufa."

Neno hilo sikuwahi kulitamka. Nikalia palepale, mbele yake. Mama mkwe akaokota begi, akaenda kulala kwa jirani bila hata kuaga. Nikajua jina langu limeshaharibika ukoo mzima.

Asubuhi nikasikia kelele uani. Nikachungulia. Mama mkwe yuko kwenye kigoda kando ya ndoo, barakoa hadi machoni, anamfokea fundi bomba.

"Umenawa? Na hizo kucha je? Rudi ukanawe!"

Mume wangu alipiga chafya moja tu akitoka dukani. Naye akapelekwa kwa jirani.

Dirishani mwanangu alicheka mpaka akashika mbavu. Siku nyingi sikuwa nimesikia kicheko kile.

"Bibi, ingia basi!"

"Bado, mke mwenzangu. Ngoja kifua kipone."

Hakuniomba radhi, wala mimi sikudai. Kikohozi kilipokwisha kabisa na nesi akaridhia, alikuja ndooni mwenyewe. Nikammiminia maji, akasugua mpaka viwikoni, polepole, akarudia vidole. Homa haikuwa imemgusa mwanangu hata mara moja.

Kisha akaninyooshea viganja nivikague.

"Haya, askari," akasema. "Nipite?"

Nikampisha.