Viti vya Kuonyeshwa Wakwe

Jengo letu la Mina, Tripoli ya Lebanoni, zamani ukipiga chafya ghorofa ya chini unaombewa rehema mpaka darini. Siku hizi utapiga chafya uchoke mwenyewe. Tumebaki mimi, Mama Shukri wa ghorofa ya tatu, na Baba Wadih mwenye jenereta ya mtaa, anayelala chini kando ya mashine yake kama mchungaji na ng'ombe wake. Milango mingine ina kufuli. Mama Jurji na mabinti zake wako Sidney. Mwalimu Adnan yuko makaburini, ambako angalau ni karibu.

Mwanangu wa pekee, Ghinwa, yuko Montreal. Jumapili moja ya baridi wakwe walikuwa wanakwenda kwake kumposa na kuisoma Fatiha. Baba yake hayupo duniani, kwa hiyo ilibidi mimi nionekane. Enzi hizo simu ilikuwa ya sikio tu; kuonana ni kwa kompyuta.

Nikasikia kwamba mama wa kijana, Bi Nuhad, ameuliza: "Binti mzuri, sawa, lakini kwao ana watu? Au ni yeye na mamake tu?" Neno lilitoka Montreal, likapitia kwa dada yake Beirut, likanikuta kwa muuza mkate kabla mkate haujapoa. Liliniingia kama mwiba. Mimi, niliyekuwa nikipika kahawa ya jengo zima.

Nikasema, watu atawaona. Nikaazima viti kwa Mama Shukri, vingine nikavitoa kwa Mama Jurji, aliyeniachia ufunguo nimwagilie maua. Maua yalishakufa, viti vizima. Nikavipanga nyuma ya kiti changu, mbele ya kamera. Nikawasha taa zote, hita ya maji, na oveni yenye maamul, biskuti zetu za tende. Wageni niliowaalika walikuwa wawili, lakini kwenye skrini, ukiwaambia wajongeejongee, nani atahesabu?

Sasa, kwetu mtoto hujua hili kabla ya alifu: umeme wa serikali ukikaribia kuondoka, jenereta ichukue zamu, chomoa plagi. Friji, televisheni, kompyuta, vyote. Subiri umeme mpya utulie, ndipo urudishe. Jengo zima nililifundisha mimi. Lakini jioni ile mikono yangu ilikuwa imejaa viti.

Umeme ukaondoka. Ukaja wa jenereta, ukazimika kwa kuelemewa na ile oveni, ukarudi kwa kishindo. Kompyuta ikatoa "tap", kama mtu anayekudharau kwa ulimi, kisha harufu ya nywele zilizoungua. Nikabonyeza kitufe. Nikabonyeza tena. Kimya.

Nikatoka kibarazani. "Baba Wadih, umenipa umeme gani huu?"

"Uleule wa kila siku, Mama Ghinwa. Umewasha nini huko, kuna harusi?"

"Ndiyo, kuna harusi."

"Ungesema mapema. Ampea tano unazonilipia hazichezi harusi."

Akapanda na Toufiq, fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili. Toufiq akafungua kifuniko, akapuliza vumbi, akanusa.

"Pawa saplai, hiki kisanduku cha umeme, imekwenda, shangazi. Mungu ailaze pema."

"Usinitanie. Tia nyingine."

"Leo Jumapili, maduka yamefungwa. Kesho asubuhi. Lakini shangazi, plagi hukuchomoa?"

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuchomoa plagi, Toufiq, ukiwa huna hata jino."

Hapo simu ikalia. Ghinwa. "Mama, mbona hatukuoni?" Nyuma yake nikasikia vikombe, watoto, mwanamume akicheka. Nyumba imejaa.

"Kompyuta imekufa, mwanangu."

"Basi tuwekeni kwenye spika. Bi Nuhad anataka kuwasalimu."

Kuwasalimu. Nikawatazama niliokuwa nao. Mama Shukri, aliyekuwa ameshuka na goti lake bovu, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Akamsukuma Toufiq. "Buruta viti, wewe. Watu wanakaa."

Toufiq akaburuta viti. Baba Wadih akakohoa kwa sauti nene, kisha nyembamba, akatoka mlangoni akabisha hodi, akaingia akitoa salamu kama mgeni. Nami nikasema, "Karibuni, karibuni, sogeeni, nafasi ipo," nikiviangalia viti vya Mama Jurji.

Mjomba wa kijana akaisoma Fatiha kule, nasi tukaisoma huku, tukaitikia amina. Mama Shukri akapiga vigelegele, vile vyake vya zamani vilivyokuwa vikifika soko la samaki. Vikagonga kuta, vikarudi vingi.

"Mashallah, Mama Ghinwa," akasema Bi Nuhad. "Nasikia nyumba imejaa."

"Hata pa kuweka mguu hakuna," nikamjibu.

Kisha wakaondoka. Baba Wadih alikuwa na mashine ya kuangalia, Mama Shukri na goti lake, Toufiq akiwa na kile kisanduku kilichoungua kwapani. Maamul zilibaki karibu sinia zima.

Ghinwa akapiga tena, kwa sauti ya chini, nadhani yuko jikoni.

"Gauni lako rangi gani?" nikamuuliza kwanza.

"Kijani, mama. Kama lako la kwenye picha." Halafu, "Ulikuwa na nani hapo?"

"Watu."

"Nani na nani?"

"Mama Shukri. Baba Wadih. Toufiq." Ningeweza kuishia hapo. "Na Mama Jurji na mabinti zake. Na Mwalimu Adnan."

Ghinwa mwenyewe ndiye aliyemsaidia Mama Jurji kushusha masanduku ngazini. Na Mwalimu Adnan tulimlilia pamoja, kwenye simu hiihii.

Nikasikia mtu kule anamwita arudi sebuleni.

"Mwalimu amesemaje?" akauliza.

"Amesema umekua."

"Wasalimie wote, mama."

"Salamu zimefika."

Nilipoweka simu, nikazima hita, nikazima oveni, nikapunguza taa. Nikazunguka nikichomoa plagi zote, hata ya kompyuta, ambayo haikuwa na cha kuogopa tena. Viti nikaviacha palepale nilipovipanga. Toufiq alisema atakuja asubuhi, na mtu akija lazima apate pa kukaa.