Tundu Lenye Shahidi

Kompyuta za chuo kile cha Kasulu zilikuwa na programu moja inayochora kila kitu kwenye skrini: madirisha, herufi, hata mshale wa mausi. Kwa uzembe wa waliozifunga, programu hiyo ilifanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Hapo ndipo lilipokuwa tundu. Mwanafunzi wa kawaida, akishaingia kwa jina lake, angeweza kuilaghai impe mamlaka hayo, na alama za mitihani za chuo kizima zingekuwa mikononi mwake.

Nduwayezu alisoma habari hizo kwenye tangazo la usalama wa kompyuta, akajaribu, ikakubali. Kanuni ya chuo ilijulikana: anayekutwa na mamlaka yasiyo yake hufukuzwa.

Baba yake, mkimbizi kutoka Burundi, aliishi kambini Mtabila miaka mingi, akapata uraia wa Tanzania, lakini jambo moja hakuliacha: ukiona ukuta wa jirani umetoboka, usimwendee peke yako. Chukua mtu wa tatu, usije ukaitwa mwizi. Basi Nduwayezu akamchukua mwenzake Marselino, wakaenda kwa Mwalimu Shamsi, mtu wa Tanga, msimamizi wa kompyuta. Akamwonyesha.

"Oya mwanangu, hii noma!" Marselino akaropoka.

Mwalimu alikuna kidevu. Dawa ilikuwepo, toleo jipya la programu, ila bando la intaneti la chuo lilikuwa limekwisha. "Tutaliziba wiki ijayo," alisema.

Marselino si mtu wa kukaa na jambo kifuani. Jioni bwalo zima lilijua. Keshokutwa yake alama zikakutwa zimebadilishwa. Hata wasiotia mguu darasani walikuwa na tisini. Ingechekesha, kama mkuu wa chuo asingetaka mtu wa kufukuza siku hiyohiyo. Kwa wengi mtu alikwishapatikana: yule Mrundi.

Mwalimu Shamsi alimvuta Nduwayezu pembeni ya mlango wa mkuu, amefura kwa hasira. "Mambo haya huambiwa mhusika peke yake, kimya kimya, mpaka yazibwe. Ungekuja peke yako yasingetufika haya."

"Ningekuja peke yangu, mwalimu, leo ungesema ni mimi."



"Ningesema," Mwalimu alikiri.

Kisha akaingia kwa mkuu, akauacha mlango wazi, akaeleza kwamba tundu hilo alionyeshwa yeye, mbele ya shahidi, na hakuliziba.