Vyombo Vitatu

…na chumvi ikishaingia haibembelezi, inayavuta maji tu, ndiyo maana vipande vya embe vimenywea hivi kwenye sinia, Shukri anavigeuza kimoja kimoja juani, darini kwa mamake, na simu iko pale mkekani, imezimika kioo lakini maneno ya mwanafunzi wake bado anayaona, Mwalimu, nimelirudia jaribio mara ya saba, niandike barua ya kuacha masomo?, mara ya saba, maskini Chelangat, na zote saba zimempa jibu moja, kwamba seli ikitiwa kwenye maji yasiyo na chumvi hufura, kisha huitoa chumvi yake, maji yakaifuata nje, ikarudi kimo chake, hata kama umeshazikata zile nyuzi za ndani zinazoishikilia umbo, na ni Shukri aliyeandika, miaka minne nyuma, kwamba nyuzi zikikatwa seli hairudi, hubaki imefura, na kwa maneno hayo wakampa maabara na wanafunzi… mamake anasema kitu kuhusu pilipili, ndiyo mama, anaitika bila kusikia… vyombo vyake vya seli mwaka ule vilikuwa kumi na viwili, tisa vilikubali, vitatu vikakataa, seli zilirudi kama hazikukatwa kitu, akasema hivi vimechafuka, akavimwaga, hakuviandika popote, wala hakuwa mwongo asubuhi ile, alikuwa amechoka, au labda waongo wote huanza hivyo, kwa kuchoka, na juzi mbele ya wenzake akamwambia mtoto wa watu una mkono mbaya, neno la mtaani kwao Langoni, la wanawake wa achari, kwamba yuko mtu akishika embe lazima lioze, akalibeba neno hilo mpaka maabara na kulifanya hoja, na Chelangat aliitazama mikono yake tu, akaigeuza, akaitazama tena… "Wewe profesa wa mai na munyu," mamake anacheka, maji na chumvi kwa lugha ya nyumbani, "achari yako ya mwaka jana si iliota ukungu?" na kweli iliota, chupa zote za arusi ya Sundus, bintiye Bi Hamdu jirani, mkono ukiwa wa Shukri peke yake, na bado hakuna aliyemcheka mtaani, ajabu, hajawahi kujiuliza kwa nini. "Bi Hamdu ulimwambia nini, mama?" "Nilimwambia ni mimi niliyeishika." Mamake hainui uso, anasogeza sinia lifuate jua. "Mimi achari yangu wanaijua miaka arubaini, neno moja halinipunguzi kitu. Wewe ungelibeba mpaka lini?"… miaka arubaini, na Chelangat hana hata mmoja, hana chupa hata moja ya kumtetea, na mwenye jina alikuwepo, Shukri mwenyewe, alisimama pale pale na koti lake jeupe, akamtwisha yeye lawama… kidole kinageuza kipande kingine, jua liko palepale, mamake amerudi kwenye pilipili zake, hakuna kilichosogea, ila sentensi imeshajipanga ndani yake na haitaki tena kutengenezwa, Usiache, Chelangat, vyombo vitatu vilinijibu kama vilivyokujibu wewe, nikavimwaga.