Tisini na Tisa za Odoyo

Ile klipu niliinunua Sirari, corona ilipoanza kusahaulika, kwa jamaa aliyekuwa ameipanga katikati ya chaja za simu na dawa ya mende. Ni kidude cha kubana kidole. Kinasoma mapigo ya moyo na hewa iliyomo kwenye damu. Watu wenye akili wananunua kwa ajili ya mgonjwa. Mimi nikaipeleka kwenye rashi, machimbo mapya ya dhahabu.

Rashi yetu ilikuwa kilimani, juu ya Gorong'a, katikati ya shamba la mihogo. Dhahabu ilipoonekana, mihogo iling'olewa hata haijakomaa. Chuoni nilikuwa nimesomea ufundi wa vifaa vya hospitali mpaka mwaka wa tatu, halafu mimi na chuo tukachokana. Pale kilimani wakaniita Nusu, yaani nusu daktari. Nikawaambia mimi si daktari hata robo. Wakasema ona anavyojishusha, huyu lazima ni mkubwa.

Wiki ile ile nilimbana kidole Simioni, fundi wa matimba, yale magogo yanayozuia shimo lisibomoke. Watu walikuwa wamejaa kwa Rispa, mama lishe wetu, wanakula. Nikaanza kutaja wanawake wa senta, taratibu, macho kwenye kioo. Agustina, mapigo sabini na nne. Philomena, sabini na tano. Everlyne muuza pombe, mia moja na kumi na mbili.

"Uongo!" Simioni akaruka na klipu kidoleni. "Hiyo mashine imelewa!"

"Na bado inapanda," nikasema.

Rispa alicheka mpaka mwiko ukaingia kwenye dagaa. Tangu siku ile hakuna mtu aliyeibishia mashine yangu, na hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe.

Maana ikawa mchezo. Kila asubuhi, kabla ya kushuka duarani, yaani shimoni, kidole. Namba ya hewa ndiyo waliyoipenda zaidi, kwa sababu inaishia mia kama mtihani. Ukipata tisini na nne unazomewa: "Mura, rudi ukalindwe na mama yako!" Mzee Wangwe, mwenye duara, hakushuka chini ya tisini na nane, na alihakikisha wenye maduara ya jirani wanasikia. Wengi wao walikuwa saro moja naye, wametahiriwa msimu mmoja. Watu wa saro moja wanataniana bila huruma mpaka meno yaishe. Mzee Wangwe hakuogopa duara kubomoka wala polisi. Aliogopa kuchekwa na wale.

Halafu maji yakajaa chini. Ile pampu ya petroli ukiiweka juu haina nguvu ya kuvuta maji kutoka kina kile, inanguruma tu. Mzee Wangwe akaona isiwe taabu, akaiteremsha pampu na injini yake humo humo shimoni, ikakalishwa kwenye kibaraza cha mawe. Maji yakatoka. Moshi ukabaki.

Watu wakaanza kupanda juu wanashika vichwa. Mmoja akatapika.

"Gongo hiyo," Mzee Wangwe akasema. "Usiku mnakunywa, mchana mnasingizia kazi."

Lakini Odoyo, mume wa Rispa, ni Msabato wa kuzaliwa. Chai yenyewe anaiuliza maswali kabla ya kuinywa. Naye mchana ule alipanda juu anayumba, akakaa kando ya mafiga, macho mekundu.

Nikambana kidole. Tisini na tisa.

"Umeona!" Mzee Wangwe akapiga makofi. "Huyu ndiye mwanaume! Kula, urudi chini."

Mimi sikushangilia. Maana hiyo klipu, bwana, haina ujanja mwingi. Upande mmoja kuna taa mbili, nyekundu na nyingine isiyoonekana kwa macho. Upande wa pili kuna kijicho kinachopokea mwanga uliobaki baada ya kupenya kidole. Damu iliyobeba hewa safi inaupitisha ule wekundu, damu yenye njaa inaumeza. Klipu inapiga hesabu, inakupa namba. Basi. Haioni hewa, inaona rangi. Sasa moshi wa injini ukiingia kwenye damu unakaa kwenye kiti cha hewa safi na kuvaa jezi yake ile ile. Klipu inaona jezi, inashangilia. Mtu anakufa ana tisini na tisa.

"Mzee, namba hii ni ya uongo," nikasema. "Mashine imedanganywa na moshi."

Wakacheka wote.

"Kumbe inadanganywa?" Simioni akasimama na sahani yake. "Basi niombeni radhi, nyote! Na mke wangu aitwe aje asikie!"

"Siku ya Everlyne haikudanganywa, ya leo ndiyo imedanganywa?" Mzee Wangwe akanipiga bega. "Nusu, mwanangu, nenda ukalale."

Nikamgeukia Odoyo. "Wewe usishuke."

"Omera, nina tisini na tisa," akasema, ulimi mzito. "Wewe mwenyewe umeiona."

Akaenda akiyumba. Wakamfunga kamba kiunoni, wakaanza kumteremsha. Injini ilikuwa inanguruma kule chini. Rispa akaja akasimama mbele yangu, mikono ina unga.

"Shemeji, hiyo namba umempa wewe. Mrudishe."

Wenye maduara ya jirani walikuwa wanamalizia ugali. Nikapaza sauti: "Mzee Wangwe! Wenzako wanasema leo huthubutu kupima."

Hawakuwa wamesema kitu. Lakini walikuwa wa saro moja, wakadaka hapo hapo. "Kweli, hathubutu! Amezeeka huyo!"

Alikuja na kidole kimenyooka kutoka mbali. Nikakipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama ninayepokea sadaka. Na kidole gumba changu, kule chini pasipoonekana, kikaanza kuichezesha klipu. Tiki tiki tiki. Hiki kitu hakipendi kutikiswa. Ukikitikisa, mwanga unayumba wote kwa pamoja, kijicho kinachanganyikiwa kisijue damu ni ipi na mtikisiko ni upi, na mara nyingi kinakimbilia kwenye themanini na tano.

Tisini na saba. Tisini na moja. Themanini na nane. Themanini na tano.

Nikakigeuza kioo waone wote.

"Themanini na tano!" mmoja akapiga yowe. "Wangwe! Hata bibi yangu anakushinda, na alishakufa!"

Mzee Wangwe alikuwa amegeuka rangi ya majivu. "Nusu. Hii ni nini?"

"Moshi wa injini, mzee. Unapanda kutoka shimoni, na wewe ndiye unayekaa mdomoni mwa shimo kutwa."

"Itashuka mpaka ngapi?"

"Injini ikiendelea? Sitaki kusema mbele za watu."

"Zimeni!" Sauti yake ilisikika labda mpaka Ringwani. "Zimeni hiyo takataka! Vuteni kamba! Toeni watu wote!"

Hakukuwa na wa kuzima kule chini zaidi ya Odoyo, na Odoyo alipoitwa hakuitika. Wakavuta kamba. Simioni alivuta mpaka viganja vikachunika. Odoyo akatoka kama gunia, kichwa kifuani. Tukamlaza upande, mahali penye upepo, Rispa anamwita jina lake la nyumbani. Akakohoa. Akatapikia buti za Mzee Wangwe. Sijawahi kufurahia matapishi namna ile.

Tulimbeba kwa pikipiki, amebanwa katikati yangu na dereva, mpaka kituo cha afya. Nikamweleza muuguzi habari ya moshi. Hakuuliza namba ya klipu yangu, akafungua mtungi wa oksijeni, akamvalisha barakoa. Jioni Odoyo alikuwa anajua siku na jina la mkewe.

Mzee Wangwe naye akafika, buti ameosha. Akanivuta pembeni.

"Nipime tena."

"Injini iko wapi, mzee?"

"Ilijizima yenyewe, tukaitoa. Iko juu."

"Juu wapi?"

Akakohoa kidogo. "Pale mdomoni."

"Basi namba haitapanda."

Akatoa simu, akapiga kelele wodi nzima ikageuka: "Wee! Isogezeni! Mbali! Na msiirudishe chini, maji yatatolewa kwa ndoo!"

Ndipo nikambana kidole, safari hii bila kucheza. Tisini na nane. Akashusha pumzi, akatabasamu kama bwana harusi.

Odoyo akasogeza barakoa pembeni. "Rispa anasema mzee naye alipimwa akaonekana mgonjwa. Alipata ngapi?"

"Themanini na tano," nikasema.

"Na mimi, nilipokuwa nakufa?"

"Tisini na tisa."

Akalifikiria hilo. Akamwangalia bosi wake kutoka kitandani, taratibu, kuanzia kofia mpaka buti.

"Mzee," akasema, "kumbe hata kufa nakushinda."

"Rudisha hiyo barakoa," Rispa akamwambia. Lakini alikuwa amegeukia ukutani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.