Gobore la Babu Limeshiba

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeteuliwa kuwasomea wanyama kanuni za uwindaji. Nilifurahi. Nimehitimu shahada ya wanyamapori mwezi uliopita, na dunia haikuwa na haja ya kitu kingine zaidi yangu.

Mkutano unafanyika porini, jua la mchana likiwaka. Mwenyekiti ni ngiri aliyevaa tai.

"Kanuni ya kwanza," nasoma. "Ni marufuku kuwinda jike."

Nyati dume anajifunga kitenge na kukaa upande, miguu pamoja.

"Karibu, mama," mwenyekiti anamwambia.

"Ya pili: ni marufuku kuwinda karibu na maji."

Swala wote wanajitwika ndoo. Sasa popote waendapo, wako karibu na maji. Mwindaji mmoja anaanza kulia. Nampa pole na kumkumbusha kwamba kanuni zimetungwa na watu waliosoma.

"Ya tatu: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, wala isimwelekee mtu."

"Na ile ya kwenu?" ngiri anauliza.

Pori linageuka sebule ya babu yangu. Gobore lake la kuwindia nguruwe limetundikwa ukutani, na mtandio wa bibi umeanikwa juu yake. Mdomo wa gobore unaelekea kigoda ambacho bibi hukalia akichagua mchele. Naye amekikalia.

"Hilo tupu," anasema Babu Lusendamila, sikio kwenye redio.

"Nani kahakikisha?" ngiri anauliza.

"Mwenye nyumba kasema," namjibu.

"Ah! Basi yaishe."

Wanyama wanapiga makofi.

Gobore linacheua. "Mjukuu, mimi nimeshiba. Babu yako alinishindilia baruti na gololi, akaniziba koo kwa kipande cha kitenge cha njano. Nguruwe hakutokea. Akanitundika hapa, na hakuna aliyeniuliza tena."

"Mbona husemi?"

"Neno langu ni moja tu. Nikilisema, bibi yako hamalizi mchele."

"Bibi, sogea!" napiga kelele.

"Nisogee niende wapi, msomi wetu? Mwanga uko hapa."

Nikaamka. Kumekucha. Sebuleni bibi yuko kigodani anapepeta mchele, redio inasoma habari.

Nililishusha gobore taratibu, nikalielekeza nje, kwenye kichuguu.

"Rudisha," babu alisema. "Hilo tupu."

"Najua, Babu."

Nikaingiza mdeki, ule ufito wa chuma wa kushindilia baruti. Katika gobore tupu huzama mpaka chini. Huu uligoma njiani. Nilipouvuta, nchani ulikuwa umenasa uzi.

Wa njano.

Babu akazima redio. Bibi akanyanyuka na ungo wake, akahamisha kigoda bila kuambiwa na mtu.